Rachel Carson: Mwanabiolojia aliyefuata nyayo za sumu mtoni

MVUA ikinyesha Laare, maji hayakai mlimani. Huteremka kutoka mashamba ya miraa ya Igembe, huingia vijito vya Nyambene, na mengine hufuata mito kama Ura na Rojewero, inayopita katika Mbuga ya Wanyama ya Meru kabla ya kumiminika kwenye Tana. Mkulima aliyenyunyizia dawa machipukizi yake wiki hiyo huenda asijue kwamba sehemu ya dawa hiyo imesafiri pamoja na maji hayo.

Safari ya namna hiyo, kutoka jani hadi tope la mtoni na kutoka tope hadi mwilini mwa kiumbe, ndiyo iliyomfanya mwanamke mmoja mpole, asiyependa makundi ya watu, kupambana na viwanda vikubwa vya kemikali vya Marekani. Jina lake ni Rachel Carson. Alikuwa akiugua saratani alipoandika kitabu kilichompa umaarufu, na maradhi hayo aliyaficha kama mtu anayeficha silaha isije ikaangukia mikononi mwa adui.

Rachel Louise Carson alizaliwa Mei 27, 1907, katika mji mdogo wa Springdale, kando ya Mto Allegheny, jimbo la Pennsylvania. Alikuwa kitinda mimba kati ya watoto watatu. Baba yake, Robert, alimiliki ekari zipatazo 65 ambazo alitarajia kuzikata vipande na kuziuza. Wanunuzi hawakuja kwa wingi, na familia iliishi kwa kubana matumizi. Mama yake, Maria, aliyekuwa mwalimu kabla ya kuolewa, ndiye aliyemzoesha binti huyo kutembea vichakani na kuwatambua ndege na wadudu kwa majina.

Akiwa na umri wa miaka 11, hadithi yake ya kwanza ilichapishwa katika jarida la watoto la St. Nicholas. Tangu hapo alijiona kuwa mwandishi. Mwaka wa 1925 alijiunga na chuo cha wanawake jijini Pittsburgh akinuia kusomea Kiingereza, lakini mhadhiri wa biolojia, Mary Scott Skinker, alimvutia upande wa sayansi. Alihitimu mwaka wa 1929, na majira hayo ya joto akaenda kwenye maabara ya viumbe vya bahari ya Woods Hole, Massachusetts. Huko ndiko alikoiona bahari kwa mara ya kwanza maishani mwake.

Alipata shahada ya uzamili ya zoolojia katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins mwaka wa 1932. Alitamani kuendelea hadi uzamifu, lakini hali ngumu ya uchumi ya miaka hiyo ilimlazimu kuacha masomo mwaka wa 1934 ili aisaidie familia. Mwaka uliofuata baba yake alifariki. Mwaka wa 1937 dada yake, Marian, naye akafariki na kuacha mabinti wawili. Mama mkongwe na wasichana hao wakabaki mikononi mwa Rachel, aliyekuwa na umri wa miaka 29 tu na ambaye hakuwahi kuolewa.

Kazi iliyomwokoa ilikuwa katika Idara ya Uvuvi ya serikali kuu. Alianza kwa kuandika vipindi vifupi vya redio kuhusu maisha ya majini, na mwaka wa 1936 akaajiriwa kama mwanabiolojia baada ya kufanya vyema katika mtihani wa utumishi wa umma. Wanawake wenye cheo cha kitaalamu katika idara hiyo walihesabika kwa vidole vya mkono mmoja.

Wakati wa Vita Vikuu vya Pili vya Dunia, nyama ilipokuwa haba, serikali ilimpa jukumu la kuandika vijitabu vya kuwahimiza Wamarekani wale samaki na wanyama wa makombe ambao hawakuwazoea. Kazi hiyo ilionekana ndogo, lakini ilimlazimu kujifunza kwa undani jinsi chaza na kome wanavyoishi, wanavyokula na wanavyozaana. Wakosoaji waliokuja kumwita mshairi aliyepotea njia walisahau kwamba alikuwa amekaa miaka 16 katika ofisi ambayo kila ripoti ya uvuvi ya nchi nzima ilipita mezani pake. Kufikia 1949 alikuwa mhariri mkuu wa machapisho yote ya idara.

Katika dawati hilo ndiko alikokutana na DDT. Mwaka wa 1939 mwanakemia wa Uswisi, Paul Müller, aligundua kwamba kemikali hiyo huua wadudu kwa urahisi wa ajabu. Vitani iliokoa maisha ya watu wengi kwa kuangamiza chawa waenezao ugonjwa wa tifasi (typhus) na mbu waenezao malaria, na mwaka wa 1948 Müller alitunukiwa Tuzo ya Nobel. Vita vilipokwisha, ndege zilizokuwa zikibeba mabomu zikaanza kubeba dawa na kuimwaga juu ya misitu, mashamba na vitongoji.

Wenzake Carson katika kituo cha Patuxent, jimbo la Maryland, walikuwa wakichunguza madhara ya DDT kwa ndege na samaki. Mwaka wa 1945 aliliandikia jarida la Reader's Digest akipendekeza makala kuhusu majaribio hayo. Pendekezo lilikataliwa. Miaka 13 ilipita kabla hajalirudia jambo hilo kwa dhati.

Katikati ya kipindi hicho alipata umaarufu kwa njia nyingine. Kitabu chake cha kwanza, cha mwaka wa 1941, kilizamishwa na kishindo cha vita. Cha pili, The Sea Around Us, cha mwaka wa 1951, kilikaa wiki 86 katika orodha ya vitabu vilivyouzwa zaidi na kikampa Tuzo ya Kitaifa ya Vitabu ya Marekani. Fedha alizozipata zilimwezesha kujiuzulu serikalini mwaka wa 1952 na kujenga nyumba ndogo kisiwani Southport, jimbo la Maine, hatua chache kutoka kwenye miamba ambako maji yakipwa huacha konokono na kome peupe. Mwaka wa 1955 alitoa kitabu kuhusu viumbe wa ufuo huo.

Angeweza kuishia hapo, mwandishi wa bahari anayependwa na kila mtu. Lakini mwaka wa 1957 mmoja wa wale mabinti wa dada yake alifariki na kuacha mtoto wa kiume, Roger, mwenye umri wa miaka mitano. Carson, akiwa anakaribia miaka 50, akamchukua na kumlea kama mwanawe.

Januari 1958 alipata barua ya rafiki yake, Olga Owens Huckins, wa Duxbury, Massachusetts. Ndege ya serikali ilikuwa imepita juu ya eneo lake ikimwaga DDT kuua mbu, na baadaye akaokota ndege waliokufa penye maji waliyozoea kuoga. Carson alianza kutafuta mtu wa kuliandika jambo hilo. Alipokosa, akaifanya kazi hiyo mwenyewe, kwa miaka minne. Desemba mwaka huo mama yake, aliyekuwa mwandani wake wa maisha yote, alifariki.

Kitabu kilichotokana na kazi hiyo, Silent Spring, hukumbukwa zaidi kwa ajili ya ndege. Ni haki kukumbukwa hivyo, ila kurasa zake kuhusu maji ndizo zinazomgusa zaidi mkulima wa miinuko kama Nyambene, kwa kuwa zinaonyesha kinachompata jirani wa bondeni.

Mojawapo ya visa alivyovieleza ni cha Ziwa Clear, jimbo la California. Wavuvi wa burudani walisumbuliwa na vijidudu vidogo visivyouma. Mwaka wa 1949 kemikali ya DDD, ndugu ya DDT, ilitiwa ziwani kwa kipimo hafifu mno: sehemu moja kwa kila sehemu milioni 70 za maji. Kazi hiyo ilirudiwa mwaka wa 1954 na 1957. Ndege wa majini aina ya kibisi, waliokuwa zaidi ya jozi 1,000, walipungua hadi kufikia jozi 30 hivi. Wataalamu walipoyapima mafuta ya mizoga walikuta sehemu 1,600 za sumu kwa kila milioni. Maji yenyewe yalionekana safi. Sumu ilikuwa imetoka majini na kuingia katika viumbe vidogo vinavyoelea, kutoka humo hadi kwa samaki wadogo, kutoka kwao hadi kwa wakubwa, kisha kwa ndege, na katika kila daraja ilizidi kukolea.

Kisa kingine kilihusu Mto Miramichi, nchini Canada. Juni 1954 ndege zilinyunyizia DDT msituni kuua viwavi waliokuwa wakila miti. Siku mbili hazikupita kabla samaki wafu hawajaonekana kingoni. Lakini hata kwa samoni wachanga ambao hawakuguswa na sumu yenyewe, wadudu wa mtoni ambao ndio chakula chao walikuwa wameangamia. Hakuna aliyekusudia kumdhuru samaki hata mmoja, na hilo ndilo lililomkera Carson.

Kisha alifika kwa wanyama anaowajua vizuri zaidi, wale wa makombe. Alisoma kazi za Philip Butler, mtafiti wa serikali huko Florida, aliyekuwa akichunguza jinsi dawa za mashambani zinavyowaathiri chaza. Chaza na kome hula kwa kuvuta maji, kuyachuja na kuyatema. Kiumbe mmoja huyapitisha maji mengi kwa siku, akibakisha chembechembe za chakula pamoja na chochote kilichoshikamana nazo. Hawezi kukimbia maji yanapochafuka kama samaki anavyoweza. Carson alionya kwamba hatari haiishii kwake, kwa sababu watu humla mzima, pamoja na matumbo yake, na mara nyingi akiwa mbichi.

Msomaji wa Laare halihitaji onyo hilo kufafanuliwa. Miraa nayo huliwa mbichi, gome na majani machanga, na kwa kuwa hupoteza nguvu katika muda wa siku mbili hivi, huchumwa, hufungwa na kusafirishwa kwa haraka ambayo haimpi mtu nafasi ya kuuliza ilinyunyiziwa nini na lini.

Kitabu kilimwelekeza msomaji pia kwenye kundi la pili la sumu, lenye fosforasi, ambalo halidumu kama DDT lakini huvuruga kimeng'enya kinachotuliza mishipa ya fahamu. Tofauti hiyo ina umuhimu wake. Sumu ya kudumu huweza kupimwa katika nyama ya kome miezi mingi baadaye, ilhali ile ya kupita haraka huenda isionekane kwenye chupa ya maji iliyochotwa Jumatatu ikiwa mvua ilinyesha Ijumaa. Siku hizi watafiti hupima udhaifu wa kimeng'enya hicho ndani ya kome au konokono, kama daktari anavyoutambua ugonjwa kwa alama uliyoiacha. Gharama ni nafuu kuliko kumweka mtu na chupa kando ya mto usiku na mchana.

Wakati Carson anaandika kurasa hizo, mwili wake ulikuwa ukimsaliti. Mwaka wa 1960 alifanyiwa upasuaji na kuondolewa titi moja. Daktari hakumweleza ukweli wote kuhusu uvimbe ule, jambo lililokuwa la kawaida kwa wagonjwa wa kike wa enzi hizo. Kufikia Desemba alikuwa amemtafuta mtaalamu mwingine, naye akamthibitishia kwamba saratani ilikuwa imesambaa. Yalifuata matibabu ya mionzi, maambukizi ya miguu yaliyomweka kwenye kiti cha magurudumu, na uvimbe wa macho uliomfanya kwa wiki kadhaa ashindwe kusoma alichokiandika. Msaidizi wake ilimbidi amsomee kurasa kwa sauti.

Aliwaomba wachache waliojua wanyamaze. Kitabu kilikuwa na sura zinazojadili uhusiano wa kemikali na saratani, na alijua wapinzani wangedai kwamba ni kilio cha mgonjwa anayetafuta wa kumlaumu. Hivyo alivaa nywele za bandia na kuendelea kujibu barua kana kwamba hana tatizo ila uchovu. Kuna watakaosema hakupaswa kubeba mzigo huo peke yake, hasa akiwa na mtoto mdogo nyumbani. Yeye alihukumu kwamba ushahidi wake ungesikilizwa tu iwapo hali ya mwili wake haingetajwa.

Juni 16, 1962, jarida la The New Yorker lilianza kuchapisha sehemu za kitabu, nacho chenyewe kikatoka Septemba 27. Kampuni ya Velsicol, iliyotengeneza baadhi ya dawa alizozitaja, ilimwandikia mchapishaji ikitisha kuchukua hatua za kisheria. Mchapishaji hakutetereka. Wenye viwanda walitenga fedha nyingi kukidhalilisha kitabu. Wengine walimdhihaki kwa kuwa hakuolewa, wengine wakamwita mpenda paka na ndege, na wapo waliodokeza kwamba ni chombo cha wakomunisti wanaotaka Wamarekani wafe njaa.

Jibu lake lilikuwa katika kurasa zaidi ya 50 za marejeo zilizofunga kitabu. Zaidi ya hayo, hakudai kamwe kwamba dawa zote zipigwe marufuku. Alisema zimekabidhiwa kiholela watu ambao hawakuelezwa madhara yake, na kwamba wanaonyunyiziwa hawakuombwa ridhaa. Msimamo huo wa wastani umesahauliwa na maadui zake, na wakati mwingine na mashabiki pia.

Mwezi Agosti 1962 Rais John Kennedy aliulizwa juu ya suala hilo mbele ya waandishi wa habari, akajibu kwamba serikali ilikuwa ikilichunguza. Ripoti ya kamati yake ya ushauri wa sayansi, iliyotolewa Mei 15, 1963, kwa jumla ilimuunga mkono Carson. Mwezi uliotangulia, mamilioni ya Wamarekani walikuwa wamemwona kwenye televisheni ya CBS, ametulia kitini, akizungumza kwa sauti ya chini dhidi ya mwanakemia aliyevaa koti jeupe na kunguruma juu ya njaa na maradhi. Watazamaji waliamua wenyewe nani kati yao alikuwa amepandwa na jazba.

Juni 4, 1963, alifika mbele ya kamati ndogo ya Bunge la Seneti. Saratani ilikuwa tayari imeingia mifupani. Alipendekeza unyunyizaji wa ndege udhibitiwe, raia apewe taarifa mapema na awe na haki ya kudai fidia, na sumu zinazodumu ziondolewe hatua kwa hatua. Waliokuwa ukumbini hawakujua kwamba kukaa kwenye kiti kile kulimgharimu maumivu makubwa.

Mwishoni mwa mwaka huo mamilioni ya samaki walikufa katika sehemu za chini za Mto Mississippi. Wachunguzi wa serikali walitaja sumu ya endrin, mojawapo ya zile ambazo kitabu chake kilikuwa kimeonya juu yake. Carson aliishi miezi michache tu baada ya hapo. Alifariki nyumbani kwake Silver Spring, Maryland, Aprili 14, 1964, akiwa na umri wa miaka 56. Roger alikuwa na miaka 12, na mhariri wa vitabu vya Carson, Paul Brooks, ndiye aliyeendelea kumlea. Sehemu ya majivu yake ilizikwa karibu na mama yake, na nyingine ilitawanywa na rafiki yake, Dorothy Freeman, katika ufuo wa miamba wa Southport.

Baada ya kifo chake, chaza waliitwa kutoa ushahidi kwa utaratibu rasmi. Kuanzia 1965 hadi 1972 Butler na wenzake walikusanya chaza, kome na jamaa zao kutoka majimbo 15 ya pwani ya Marekani na kupima mabaki ya dawa katika nyama yao. DDT ndiyo iliyoonekana mara nyingi zaidi, na kuelekea mwisho wa kipindi hicho viwango vilikuwa vikishuka kadiri matumizi yalivyopungua. Shirika la kulinda mazingira la nchi hiyo, lililoundwa mwaka wa 1970, lilipiga marufuku matumizi ya DDT mashambani mwaka wa 1972. Miaka mitatu baadaye mwanasayansi Edward Goldberg alipendekeza kome watumiwe kupima uchafuzi wa pwani duniani kote. Mbinu hiyo imehamia pia kwenye mito na maziwa ya maji baridi.

Kenya ilizuia matumizi ya DDT katika kilimo mwaka wa 1986, na mwaka wa 2004 ikaridhia Mkataba wa Stockholm unaodhibiti sumu zinazodumu.

Hapa ndipo penye lawama nzito inayotupiwa kaburi la Carson: kwamba kwa kuichafulia jina DDT aliwaua watoto wa Afrika kwa malaria. Lawama hiyo inastahili kujibiwa na Mwafrika kabla ya mwingine yeyote. Marufuku ya Marekani ilihusu hasa mashamba, Mkataba wa Stockholm uliruhusu DDT kutumika dhidi ya mbu, na mwaka wa 2006 Shirika la Afya Duniani lilitangaza tena kuunga mkono unyunyizaji ndani ya nyumba. Carson mwenyewe aliandika kwamba mbu huzoea dawa inayomwagwa ovyo mashambani, na kwamba mwisho wake dawa hiyo hushindwa palepale inapohitajika hospitalini na nyumbani. Kweli, kitabu chake hakikutumia kurasa nyingi kuzitaja faida za DDT kwa nchi maskini, na upungufu huo uliwapa wapinzani mlango. Lakini kutoka hapo hadi kumwita muuaji ni mbali mno.

Afrika Mashariki imepata masomo yake yenyewe. Mwaka wa 1999 Jumuiya ya Ulaya ilizuia samaki wa Ziwa Victoria baada ya kubainika kwamba wapo wavuvi waliokuwa wakimwaga dawa za wadudu majini ili wavue kwa urahisi. Viwanda vilisimama, na hasara ikawafikia hata waliotumia nyavu halali.

Utafiti wa mwaka wa 2020, uliofanywa katika sehemu 48 za maji magharibi mwa Kenya na wanasayansi wa Leipzig, Ujerumani, wakishirikiana na kituo cha ICIPE cha Nairobi, ulitoa jambo ambalo pengine lingemshangaza hata Carson. Konokono wanaobeba vimelea vya kichocho wanastahimili dawa za wadudu kuliko viumbe wengi wanaoishi nao. Maji yanapochafuka, washindani wao hufa, nao wakastawi. Kwa hiyo anayeuona mto umejaa konokono asiharakishe kusema maji ni salama. Wingi wao ukiambatana na kutoweka kwa wadudu wengine wa majini unaweza kuwa ndio dalili ya sumu, na juu ya sumu kuna kichocho.

Mwaka huohuo, katika mashamba ya mpunga ya Mwea, Kirinyaga, jirani ya Embu, alithibitishwa konokono mgeni kutoka Amerika Kusini anayekula miche. Wakulima waliingiwa na hofu, na wengi wakakimbilia dawa. Maji ya mifereji ya Mwea, kama yale ya Nyambene, mwisho wake ni Tana.

Miongoni mwa mambo ambayo Carson aliyasisitiza mbele ya maseneta ni kwamba mtu ana haki ya kujua. Kwa mkulima wa Laare haki hiyo huanzia kwenye idadi ya siku zinazopaswa kupita kati ya kunyunyizia na kuchuma, na umbali wa kuacha kati ya mmea na kijito. Maelezo hayo huchapishwa kwenye kibandiko cha chupa ya dawa. Mara nyingi herufi ni ndogo, lugha ni Kiingereza, na chupa ikishafika shambani kibandiko huwa kimelowa na kuchanika.